Namba Kwenye Lebo

4 Machi

Mwanangu kitinda mimba,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya. Mimi sijambo, ila goti langu bado linanung'unika kila ninapokanyaga cherehani. Na wewe je, unakula? Usinijibu kwamba unakula vizuri. Niambie umekula nini.

Nimemkabidhi barua hii Bwana Mluzi, kondakta wa basi la asubuhi. Anapiga mluzi mpaka mtu unatamani kumshonea mdomo, lakini ni mwaminifu.

Unakumbuka yale makato? Benki ilikuwa inatukata kila mwezi fedha za bima ambayo hakuna aliyeiomba. Mamlaka ya bima ikaamuru turudishiwe. Tukapeleka madai, na tangu hapo ni danadana tu. Msichana wa dirishani huniambia "madai yako yanashughulikiwa" kabla hata sijamwamkia. Sasa tumeungana, mimi, Mwalimu mstaafu, Mama Mayai, Kinyozi na wengine, tumwendee Mbunge wetu atusemee Bungeni. Na Mungu si Athumani, Mbunge mwenyewe anaendeshwa na mwanangu! Mwambie neno moja tu. Siku ya kuonana na wananchi atakapokuja ofisini kwake hapa, atupokee.

Ila nakuambia na lililo moyoni, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Naogopa. Kinyozi ndiye alikuwa msemaji wetu. Aliongea redioni, na wiki iliyofuata benki ikaja na gari ikabeba viti vyake vyote viwili vya kunyolea, eti amechelewesha mkopo. Wapo waliochelewa kuliko yeye na hawakuguswa. Tangu siku hiyo tumekubaliana kikundi chetu hakina kiongozi. Lakini vikao vinafanyika kibandani kwangu, waraka wa kumpa Mbunge umeandikwa kwenye meza yangu ya kukatia, na unajua cherehani zangu zote mbili ni za mkopo wa benki hiyo hiyo, na mimi pia nimechelewa. Wakijua ni mimi, watazibeba. Bila cherehani mimi ni bibi tu mwenye mkasi.

Nimewashonea wote vizibao vya rangi ya chungwa, kwa kitambaa kilichobaki kwenye oda ya wafagia barabara, ili Mheshimiwa atuone hata akiwa mbali.

Mama yako anayekuombea.


7 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Mimi mzima. Nimekula wali na maharage, jana maharage na wali.

Mama, nakuomba, usije ofisini siku hiyo. Au kama ni lazima waende, waende wengine.

Hujui kazi yangu ilivyo. Dereva hana mdomo. Siku ya kwanza niliambiwa: ukiulizwa njia, jibu njia, mengine huyasikii. Na simu usinipigie kabisa. Hii niliyonayo nilipewa kazini, nikatia laini yangu ya siku zote, na imeunganishwa na gari. Ikiita, inaita kwenye spika zote. Ukituma ujumbe, maneno yanatokea kwenye skrini ya mbele, kando ya usukani, yeye akiwa nyuma yangu anasoma. Jioni nawaachia walinzi funguo na simu pamoja. Kwa hiyo ni hizi barua tu.

Na kuna jambo jingine ambalo nisingeliandika kama usingekuwa mama yangu. Mheshimiwa naye ana mkopo kwenye benki hiyo, wa tangu kampeni, na haulipi. Meneja wa benki hupanda gari letu mara kwa mara. Hamfokei. Anamwambia tu, "Wewe tulia, na sisi tutatulia." Mheshimiwa anacheka, kisha Meneja akishuka anafungua kioo na kuvuta hewa kama mtu aliyekuwa chini ya maji.

Sasa unataka nimwambie neno moja. Nikimwambia, atauliza nimejuaje, na huyo mama ni nani. Kazi itakwenda, na wewe watakujua. Hawajui hata kwetu ni wapi.

Bora tuache, Mama. Wakae na hizo fedha.

Kitinda mimba wako.


14 Machi

Mwanangu,

Natumaini umeamka salama. Mimi mwili mzima, moyo ndio haujakaa sawa.

Tulikwenda. Usinigombeze. Nisingeweza kuwashonea watu vizibao kisha nikabaki nyumbani nikipiga pasi.

Tulisimama langoni tangu ofisi haijafunguliwa. Mwalimu alikuwa na waraka, umekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Walinzi wakasema Mheshimiwa hajafika. Gari likaja. Tukapunga mikono, Mama Mayai akapaza sauti, "Mheshimiwa, tunarudishiwa lini?" Ndipo walinzi walipoanza kusukuma. Mama Mayai alishikwa kizibao, akajichomoa humo ndani kama mtu anayevua gauni linalombana, kizibao kikabaki mikononi mwa mlinzi. Mwalimu ameteguka kifundo cha mguu. Waraka tulirudi nao.

Nilikuona. Nilikuwa karibu na wewe kuliko ninavyokaa na mteja ninapompima mabega. Uliniangalia, ukabonyeza kitu, kioo cha upande wako kikapanda kikafunga. Nimejiambia uliogopa. Najua uliogopa, uliniandikia kwamba unaogopa. Lakini kile kioo kimeniuma, mwanangu, na ni bora nikuambie kuliko kukaa nalo.

Jana watu wawili wamepita mtaani wakiuliza ni fundi gani anashona kitambaa cha chungwa. Muuza mkaa akawaambia yeye anajua rangi moja tu, nyeusi. Nimefunga kibanda. Cherehani moja nimeipeleka kwa Mama Mayai, imefunikwa kwa trei za mayai. Ya pili ni nzito, nimeitupia shuka. Kila gari likipunguza mwendo hapo nje, nazima taa.

Mama yako.


16 Machi

Shikamoo Mama,

Sijui hata nianze vipi kukujulia hali. Kuhusu kioo, sina la kujitetea. Mkono ulikwenda wenyewe. Nililia nilipolipeleka gari kuoshwa, na mwosha magari akadhani sabuni imeniingia machoni.

Sasa soma polepole. Kile kizibao cha Mama Mayai kimo garini mwetu.

Mlinzi alikitupa siti ya nyuma, na tulipoondoka Meneja alikuwa ameketi kando ya Mheshimiwa. Akakichukua, akakigeuza ndani nje, nikamwona kwenye kioo cha kati akicheka. "Fundi wao ameacha lebo," alisema. "Kuna picha ya mkasi na namba ya simu." Kutoka kwenye usukani sikuweza kuisoma, lakini ule mkasi mwekundu ningeutambua hata gizani. Mama, kwa nini uliweka lebo? Watu wanajificha, wewe unawawekea anwani shingoni!

Meneja akasema akipiga yeye, fundi atakata simu. Afadhali apige Mheshimiwa, aongee kwa upole, aseme yuko tayari kuwasaidia, fundi atajitaja mwenyewe. Mheshimiwa akajibu kwamba amechoka. Meneja akasema, "Basi Alhamisi. Humu humu garini, nikiwepo." Kizibao kikaingia kwenye mkoba wa Mheshimiwa, na mkoba huo hauachi hata akienda msalani. Nimeutafuta mwanya wa kuikata lebo kwa wembe, sijaupata.

Zima simu yako, Mama. Zima hadi Jumamosi. Akikupigia akakuita mama kwa sauti yake ile ya jukwaani, utamweleza yote na mwisho utamuuliza kama amekula. Nakujua.

Sili vizuri. Leo sijala kitu.

Kitinda mimba wako.


18 Machi

Mwanangu, mwanangu,

Samahani sikusalimu. Bwana Mluzi ameshawasha basi na nimemshika shati.

Namba iliyo kwenye lebo si yangu. Ni yako.

Lebo ni zile zile ulizoagiza wewe ulipomaliza shule, ulipokuwa unanipokelea simu za wateja. Ulinunua bunda zima kwa kuwa bei ilikuwa nafuu, nikakuambia bunda hili tutazikwa nalo. Mpaka leo halijaisha. Ulipoondoka niliendelea kuzishona, kutupa naona uchungu, wateja wangu wote wananijua kwa sura na hakuna anayesoma lebo. Na hivi vizibao, nakuapia, sikufikiri lolote. Mkono wangu ukimaliza shingo unatafuta lebo.

Siwezi kukupigia, itaita kwenye spika. Siwezi kukuandikia ujumbe, watausoma. Tafadhali izime hiyo simu, itupe chooni, iangushe chini ya gurudumu. Jifanye mgonjwa Alhamisi. Nimekuponza.

Mama.


21 Machi

Shikamoo Mama,

Uko salama? Barua yako imenifikia leo. Bwana Mluzi anasema basi lilivunjika ekseli likalala njiani, na yeye akalala nalo. Aliiweka barua kwenye soksi isilowe. Nilipoisoma nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara, ijapokuwa ilikuwa haina tena la kunionya. Simu ilikwishaita.

Jana Meneja alipanda kama alivyosema. Akatoa miwani yake, akaisoma namba tarakimu moja moja, na Mheshimiwa akawa anabonyeza. Mimi nilikuwa nakuwaza wewe. Nilikuwa nasema moyoni, Mama umeizima, niambie umeizima.

Halafu gari zima likaanza kuita.

Iliita mbele, nyuma, milangoni. Kwenye skrini ya mbele yakatokea maandishi makubwa: MHESHIMIWA. Mama, sikuelewa. Kwa muda nilidhani amekosea akanipigia mimi. Kisha nikakumbuka bunda lile la lebo, nikakumbuka na namba niliyoichapisha humo. Nilichoweza ni kuvua kofia na kuifunika ile skrini.

Nikamwangalia kwenye kioo cha kati. Alikuwa ameinamia simu yake. Humo mimi nimeandikwa "Dereva", jina langu hajawahi kuliuliza. Akanyanyua macho, tukaangaliana. Sijawahi kuangaliana naye tangu niajiriwe. Akakata simu, gari likanyamaza.

"Haipatikani," akamwambia Meneja.

"Mbona gari limeita?"

"Huyo ni mke wa dereva. Saa hizi kila siku humsumbua. Nimemkataza hasikii."

Meneja akasonya, akasema wanawake wa siku hizi. Kwa hiyo, Mama, una mkwe.

Tulipomshusha Meneja, Mheshimiwa akatoka nyuma akaja kukaa mbele kando yangu. Hajawahi. Akaniambia niendeshe tu, popote. Baadaye akauliza, "Huyo fundi ni nani wako?"

"Mama yangu."

"Na humu garini umesikia mangapi?"

Ningeweza kusema sikusikia kitu. Ndiyo kazi yangu. Lakini nilikuona tena pale langoni, umesimama na kizibao chako, nami nafunga kioo. Nikasema, "Nina masikio mawili, Mheshimiwa, na gari hili halina ukuta."

Nikaona kile kizibao kiko mapajani mwake na anakikunjakunja bila kunitazama. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ananiogopa. Mtu mzima yule, anayepigiwa saluti! Nilitamani nimwambie asiogope, ila nami nilikuwa naogopa, kwa hiyo tukaenda hivyo, kila mmoja na woga wake, hadi taa za barabarani zikaisha.

Mwishoni akasema, "Waambie waje Jumatatu. Waingie mlango wa mbele. Nitaupokea waraka na nitausoma Bungeni."

Mama, sijui. Labda ni huruma, labda ni hofu, labda ni mtego na Meneja atakuwa ndani anawasubiri. Nimelipindua kila upande sijapata jibu. Sikuambii njoo, sikuambii usije. Mimi nitakuwepo, nje ya gari.

Kitinda mimba wako.


22 Machi

Mwanangu,

Nimefurahi uko hai na una kazi hadi leo. Msalimie mke wako, mwambie apunguze kupiga simu.

Niliwasomea wenzangu barua yako, nikayaruka ya mkopo wa Mheshimiwa, maana hayo uliniambia mimi. Mwalimu anasema ni mtego mtupu, amefundisha watoto wengi na anamjua mtu akidanganya. Kinyozi akasema yeye hana kiti cha kunyang'anywa tena, atakwenda. Mama Mayai akasema kizibao chake kiko huko na atakifuata. Wengine wameangalia miguu yao. Siwalaumu.

Lakini tutakwenda, hata tukiwa watatu.

Nimechukua wembe nikazitoa lebo kwenye vizibao vyote, moja baada ya nyingine, na kila namba yako niliyoiona iliniuma kama nimekuacha barabarani ukiwa mdogo. Nimezihifadhi kwenye kopo la vifungo. Kutupa bado siwezi.

Kwenye cha kwangu nimetarizi namba yangu mimi, kwa uzi mweusi. Si ndani ya shingo. Mgongoni, kwa tarakimu kubwa, mtu aisome hata akiwa ng'ambo ya barabara. Kama kuna anayemtafuta fundi, asiwahangaishe watu mtaani. Cherehani nimeirudisha kutoka kwa Mama Mayai, ilikuwa imeanza kunuka banda. Ziko zote mbili mahali pake. Bado naogopa, ila nimechoka kuogopa chini ya shuka.

Nikifika langoni nitakutazama. Usifunge kioo.

Mama yako, fundi.


27 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini ulifika nyumbani salama ile Jumatatu. Hatukupata muda wa kuongea, ila niliisoma namba yako ukiwa bado upande wa pili wa barabara, na hata walinzi waliisoma. Mlinzi mmoja aliniuliza huyo ni nani. Nikamwambia ni mama yangu. Nilisema kwa sauti kuliko nilivyokusudia.

Haukuwa mtego. Jana waraka umesomwa Bungeni, wote, na habari ya viti vya Kinyozi imo. Nilisikiliza redioni nikiwa nimeegesha nje. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, wenzake wakadhani ana mafua. Waziri amejibu kwamba atalifuatilia. Najua, kufuatilia na kushughulikia ni ndugu wa tumbo moja. Lakini safari hii ameambiwa alete majibu kabla kikao hakijaisha, na watu wote wamesikia.

Jioni hiyo hiyo Mheshimiwa aliletewa barua ya benki. Wanataka mkopo wao wote. Aliisoma akiwa nyuma, akaikunja. Tulipofika akanyoosha mkono, akaomba funguo.

Hakunifokea, Mama. Aliniuliza jina langu, nikamtajia, akalirudia mara mbili. Kisha akasema, "Umenisaidia, na sitakusahau. Lakini siwezi kukaa nyuma ya mtu ninayemwogopa."

Nikavua kofia nikaiacha kwenye siti. Simu yao nimewarudishia, laini nimeitoa, iko hapa mfukoni.

Kwa hiyo sina kazi, na wewe umejianika kwa jina na namba. Benki wanaweza kuja leo, wanaweza kuja mwezi ujao, wanaweza wasije. Naogopa, sitakuficha. Lakini wakija kuzichukua cherehani, watanikuta mimi mlangoni kwanza, na hapo tutaongea.

Kesho napanda basi la Bwana Mluzi. Nitunzie chakula, chochote kisicho maharage. Na zile lebo zilizo kwenye kopo la vifungo, zishone tena. Namba ni sahihi. Nitapokea mimi.

Kitinda mimba wako.